Sijida ndefu, jirani kanuna

BARUA

Shikamoo Bibi,

Mimi ni mama wa miaka 41, fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Nashona barazani, na barazani hapohapo ndipo ninapotungia mashairi. Anapita mtu na baiskeli, kapakia mkungu wa ndizi, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kashika simu anagombana na mkewe. Mguu wangu uko kwenye pedali, lakini kichwani mizani zimeshaanza kujipanga. Nina kaunta buku, lile la kurasa nyingi, limeshafika mashairi 63. La mapenzi hakuna hata moja, usinicheke. Kuna la mteja anayeleta kitambaa usiku wa kuamkia Idd akitaka nguo ya kwendea kuswalia Idd. Kuna la maji ya bomba yanayotoka saa nane za usiku kama mwizi. Kuna la mtoto aliyemwambia mwalimu kuwa daftari limeliwa na mbuzi, akachapwa kwa kusema uongo, na kumbe daftari lililiwa na mbuzi kweli. Mengi yana dua ndani yake, maana ndivyo ninavyozungumza na Mola wangu, hata nikitafuta sindano iliyoanguka.

Miaka yote hiyo msomaji wangu alikuwa mmoja tu, binti yangu wa kidato cha tatu. Yeye ndiye aliyenishikilia, Ramadhani hii iliyopita, nighani moja nilitume kwenye kundi la WhatsApp la kina mama wa msikitini kwetu, watu 140 na ushee. Nikachagua nililolitunga usiku huohuo nikitoka tarawehe. Hili hapa:

Futari ilipokwisha, mihogo na kaimati,
Chai tukateremsha, ya maziwa na chapati,
Isha ikatukumbusha, twende zetu msikiti,
Sijida ndefu jamani, kumbe mwenzetu kalala.

Rakaa kumi na mbili, sote tukasujudia,
Tukainuka kamili, imamu twamwitikia,
Ila wa mlango wa pili, kanga nyekundu katulia,
Sijida ndefu jamani, kumbe mwenzetu kalala.

Ya Rabi mwenye kujua, uchovu wa waja wako,
Kutwa nzima kwenye jua, kwa cherehani na mwiko,
Na usingizi chukua, uwe ni ibada kwako,
Sijida ndefu jamani, kumbe mwenzetu kalala.

Nilituma ubeti kwa ubeti, kila mmoja rekodi yake, kwa kuwa binti alisema rekodi ndefu watu hawazifungui. Vicheko vilimiminika mpaka simu ikawa moto. Kufika daku, ubeti wa pili ulikuwa umeshafika Makorora. Kesho yake jioni mume wangu ameketi kwenye kahawa na wenzake, akasikia simu ya mtu mwingine inamghania sauti ya mkewe.

Huyo wa mlango wa pili ni jirani yangu wa nyumba moja, chumba cha pili ukitokea ukumbini. Tuna mwaka wa tisa pamoja. Nilipofiwa na mama yeye ndiye aliyenikalisha, akanifunga kanga, akanishikia watoto siku saba. Ni mwanamke wa kazi, huamka saa tisa usiku kukaanga vitumbua vya kuuza stendi. Sasa nikitoka uani, yeye anaingia ndani. Nikikuta ndoo yake bombani anakuja kuiondoa hata kama imefika nusu. Hajanitukana. Bora angenitukana.

Mwalimu wetu wa darsa naye, bila kunitaja, alisema ibada haifanyiwi mzaha, akatusomea ile aya kwamba washairi hufuatwa na wapotofu. Wote wakatazama chini, mimi nikatazama chini zaidi. Na baba watoto kasema maneno matatu: "Lichome hilo daftari." Sijalichoma. Nimelificha chini ya vitambaa vya wateja, na tangu siku ile sijatunga hata mshororo.

Nataka kujua, Bibi: kicheko na dini havipikwi chungu kimoja? Jirani yangu nimwendeeje? Na niendelee au niache? Nakuwekea na ubeti mmoja wa shairi langu la LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, uone kama kuna cha kuokoa:

Tarakimu ishirini, nimekosea ya tisa,
Tochi iko mdomoni, vidole vinapapasa,
Namwomba Mola gizani, aniokoe na mita,
Yako nuru haizimi, wala haitaki namba.

Ni mimi,
Fundi wa Ngamiani

JIBU

Marahaba mwanangu.

Daftari litoe chini ya vitambaa kabla mteja hajaondoka nalo. Mengine tutayapanga.

Shairi lako nimelisoma kwa vidole, kama nilivyofundishwa na marehemu babu yangu, ambaye hakuwa akimsikiliza mtu anayeghani mpaka kwanza amhesabu. Tarbia hii: mishororo minne, kila mshororo vipande viwili, kila kipande mizani nane, yaani silabi nane. Ubeti wa kwanza safi kabisa, na hiyo "chai tukateremsha" imenifanya niiweke birika jikoni. Ubeti wa tatu safi. Ubeti wa pili, mishororo miwili ya mwanzo safi. Nikafika kwenye ule wa tatu, vidole vikaniishia: i-la-wa-m-la-ngo-wa-pi-li, tisa. Ka-nga-nye-ku-ndu-ka-tu-li-a, tisa. Kumi na nane, katika shairi ambalo mishororo mingine yote kumi na moja ina kumi na sita.

Wewe una sikio. Anayepata "mihogo na kaimati" bila kujikuna kichwa hashindwi kusikia mizani mbili zilizozidi. Siku nyingine ungesimama hapo, ukafuta, ukaandika upya. Siku hiyo hukusimama, kwa sababu ulikuwa na haraka ya kumtaja mtu. Mlango wa pili. Kanga nyekundu. Ungebakiza nini, namba yake ya simu?

Na wewe ni mtu wa Tanga, huwezi kuniambia hujui kanga ni nini kwetu. Huku pwani ukitaja kanga ya mtu umeshamtaja yeye na ukoo wake. Kanga ina jina lake, inavaliwa ili isomwe, na mwanamke akipitishwa kwenye wimbo kwa kanga yake hasikii utani, anasikia mpasho. Jirani yako hakusikia shairi la uchovu wa Ramadhani. Alisikia kuwa shoga yake wa miaka tisa kampasha mbele ya watu 140, tena kwa jambo alilolifanya akiwa amemwinamia Mungu wake. Kuondoa ndoo ikiwa nusu ni adabu kubwa sana kwa jambo hilo. Mimi ningekumwagia.

Sasa tazama kibwagizo chako: "Sijida ndefu jamani, kumbe mwenzetu kalala." Mstari mzuri, ndio uliofika Makorora kwa miguu yake. Badilisha herufi mbili. Mwenzetu iwe mwenzenu, kalala iwe nalala:

Sijida ndefu jamani, kumbe mwenzenu nalala.

Hesabu, mizani ni zilezile. Vina vilevile. Lakini Mswahili akisema "mwenzenu" kila mtu anajua anajisema mwenyewe: mwenzenu nimechoka, mwenzenu nina njaa, mwenzenu nimeachwa. Lugha yetu imetupa neno hilo makusudi, mtu aweze kuwapa watu aibu yake na wao waipokee kama yao. Ukishabadilisha hapo, ubeti wa pili wenyewe unakuomba uurekebishe, nami nimejaribu hivi:

Rakaa kumi na mbili, sote tukasujudia,
Wakainuka kamili, imamu wamwitikia,
Peke yangu sina hili, wala lile, natulia,
Sijida ndefu jamani, kumbe mwenzenu nalala.

Utaniuliza aliyelala aliwaonaje wenzake wakiinuka. Alisimuliwa. Mshairi haombwi ushahidi kama mahakamani.

Kundi zima lingecheka, na kila mwanamke mle ndani angecheka akijua moyoni kuwa hata yeye, siku ile ya mihogo ya nazi, aliliacha paji la uso kwenye mkeka muda mrefu kuliko dua zake. Jirani yako naye angecheka, tena yeye kuliko wote. Huenda angekuja chumbani kwako kukunong'oneza, "Shoga, umenisema mimi." Angekuja mwenyewe, kwa kicheko.

Siku hizi watu wananiambia mtunzi yuko huru kusema lolote, na mwenye kuumia shauri yake. Mimi sina ugomvi nao ikiwa anayesemwa ni mkubwa, mwenye kiti na mlinzi getini. Muuza vitumbua ni mtu mwingine. Na hata utani wetu wenyewe una mipaka inayojulikana: mjukuu na babu, shemeji kwa shemeji, binamu kwa binamu, makabila yaliyowekeana utani. Mtani anaweza kuja msibani akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa wakacheka machozi yakiwatoka, kwa sababu haki hiyo anayo na kesho atatendewa vivyo hivyo. Jirani hana utani nawe kwa kuzaliwa. Utani wa jirani unapewa na yeye mwenyewe, kidogo kidogo, na unaweza kunyang'anywa usiku mmoja. Nakwambia hivi kwa kuwa yamenipata. Niliwahi kumtungia wifi yangu shairi la pilau iliyoshika chini. Lilikuwa na vina vizuri mno. Nilikula Idd mbili nyumbani kwangu, mimi na redio.

Kuhusu mwalimu wako wa darsa, usimnunie. Ana haki ya kuogopa, maana yeye alisikia kile kipande kilichokuwa kikizunguka, na kile kipande kilikuwa kinamcheka mtu aliyesujudu. Aya aliyoisoma ipo, iko mwisho wa sura ya 26, sura ambayo imeitwa kwa jina la washairi wenyewe, Ash-Shuaraa. Inasema wanafuatwa na wapotofu, na kwamba wanatangatanga katika kila bonde, na wanasema wasiyoyatenda. Lakini sura haikukomea hapo. Aya ya 227 inawatoa wale walioamini, wakatenda mema, wakamkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi. Mtume mwenyewe alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit. Na kasida mnazosoma kwenye Maulidi hapo msikitini kwenu zimetungwa na nani, mabaharia? Mwendee kwa upole, na usimpelekee aya, maana aya anazijua kukushinda. Mpelekee ubeti wa tatu.

Maana kwenye ubeti wa tatu ndipo ulipo wewe. "Na usingizi chukua, uwe ni ibada kwako." Watu husema usingizi wa aliyefunga ni ibada. Wanazuoni wa hadithi wanasema sanadi ya maneno hayo, yaani mnyororo wa waliopokezana, ni dhaifu, na wewe, kwa bahati au kwa akili, hukuyasema kama hadithi. Umeyaomba kama dua, na kuomba hakuna sanadi. Huo ubeti mtu anaweza kuusoma saa tisa usiku peke yake akalia. (Kama udhu wa aliyelala ulibaki au haukubaki, hilo mwulize mwalimu. Mimi ni mtu wa vina.)

Kwa hiyo swali lako la chungu kimoja: vinapikwa, tena vimepikwa zamani. Ila kuna kitu kimoja ningekuomba ukikwepe. Aya, adhana, sijida yenyewe, hivyo usivitie kichekesho. Kinachochekesha ni binadamu aliyemo ndani ya ibada, mwenye tumbo lililojaa kaimati na mgongo unaouma, anayejitahidi kumwelekea Mola wake huku kope zinamsaliti. Umeona tofauti? Msomaji wangu wa kanisani naye asipite tu akidhani haya si yake. Zaburi ni mashairi, na mle ndani kuna mtu anayemlalamikia Mungu wake waziwazi, amekawia wapi, mbona amejificha. Aliyeyaandika hakuambiwa achome.

Wataalamu wa fasihi wana msemo kuhusu Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mpaka karibu na mwaka 1840. Wanasema yeye ndiye aliyelitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni. Kabla yake tungo nyingi zilizohifadhiwa zilikuwa za dini. Yeye akatunga juu ya vita na siasa za mji wake, juu ya mapenzi, juu ya mtu kuwa nacho na kukosa, na watu wakayashika kwa moyo miaka na miaka kabla hayajakaa kitabuni. Nilipomaliza barua yako nilimkumbuka, nikasema huyu fundi wa Ngamiani amelirudisha shairi msikitini, nalo bado limebeba kikapu cha sokoni. Sioni ubaya. Lilikuwa limekwenda kununua futari.

Kosa lako la pili ni la ufundi, na wala hukulitaja kama kosa. Ulituma ubeti kwa ubeti. Mwanangu, hizo si beti tena, ni vipande vya nguo isiyounganishwa, na wewe fundi unajua mteja akipewa mkono wa gauni peke yake atauvaa kichwani. Watu walichukua kipande cha kicheko wakakisambaza, na dua ikabaki kwenye simu yako. Nina hakika hata mumeo pale kwenye kahawa hakuusikia ubeti wa tatu. Beti tatu ukizighani kwa mwendo wako wa kawaida hazimalizi dakika mbili. Asiyeweza kusubiri dakika mbili huyo si msikilizaji wako. Rekodi kwa pumzi moja. Na fanya kama walivyofanya washairi wetu wa magazetini tangu enzi za Mambo Leo, lile lililoanza mwaka 1923: kwenye ubeti wa mwisho jitaje, jina au lakabu, na mji wako. Kaditama, namaliza, mimi fundi wa Tanga, au upendavyo. Shairi lenye jina lake ndani linajulikana kwao hata likipotea, na wewe mwenyewe ukijua utajitaja mwishoni utaangalia vizuri uliyemtaja katikati.

Baba watoto. Hapa nitasema kidogo, mambo ya ndani yana wenyewe. Ila nilivyokusoma, sidhani kama mumeo analichukia shairi. Aliisikia sauti ya mkewe ikitoka kwenye simu ya mwanamume mwingine, mbele ya wenzake, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua kuwa mkewe anatunga. Mashairi 63! Miaka mingapi hiyo, na binti anajua, yeye hajui? Hata mimi ningenuna. Msubiri siku ametulia, ameshakula, msomee moja ambalo na yeye yumo, kwa wema. Halafu mwulize akutafutie neno la kina lililokushinda. Mwanamume wa Tanga ukimpa kina cha kutafuta hatalala. Na akirudia habari ya kuchoma, mkumbushe kwa heshima kuwa mwaka 1858 Mwana Kupona, mgonjwa wa kufa, alimwita bintiye amkaribie na wino na karatasi, akamtungia utendi wa imani, wa mume na wa nyumba. Mjane, mama wa mtoto, mcha Mungu. Wazee walinakili kwa mkono, hakuna aliyewasha kiberiti.

Sasa jirani. Nimemweka mwisho kwa sababu ndiye aliyenikalisha na barua yako siku mbili.

Umenieleza kwa mstari mmoja, katikati ya mengine, kuwa huamka saa tisa usiku kukaanga vitumbua. Ukapita. Ukaendelea na habari ya ndoo. Rudi hapo. Mwanamke anaamka saa tisa, Ramadhani na siyo Ramadhani, anakoroga, anakaanga, anabeba mpaka stendi. Mwezi wa mfungo vitumbua vya asubuhi haviuziki, kwa hiyo nakisia siku hizo alikuwa akikaanga mchana vya futari, juu ya moto, na saumu mdomoni. Kisha usiku akajifunga kanga akaja tarawehe. Angeweza kubaki nyumbani alale. Hakuna ambaye angemlaumu. Alikuja, akafika rakaa ya kumi na mbili, mwili ukakataa. Wewe uliyekuwa safu moja naye uliliona hilo, na tena ulilijua, maana huo mwiko wa ubeti wa tatu si wako, wewe ni wa cherehani. Ni wake. Ulimwombea Mungu kwenye ubeti wa tatu baada ya kumwanika kwenye wa pili. Yeye hakuupata wa tatu.

Mwendee. Usiende na daftari, wala simu. Usiende asubuhi akiwa na haraka ya stendi. Nenda alasiri amekaa. Mikono mitupu haifai, mpelekee kitu ulichokishona mwenyewe, hata kama ni foronya mbili, ila kisiwe chekundu. Na ukifika usimwambie "sikukukusudia wewe." Ulimkusudia, anajua, na uongo huo utakuwa kosa la tatu. Sema: nimekukosea, nilikutaja mbele za watu, nisamehe. Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kwa watu wa aina yetu, najua, lakini hapo mizani moja ikizidi inaharibu. Kama atakujibu, sikiliza. Kama hatakujibu, ondoka na urudi kesho kuteka maji kama kawaida, na ukikuta ndoo yake imefika nusu, subiri ijae, uibebe mpaka mlangoni kwake. Mlango wa pili, unaujua.

Kundini pia utaandika, kwa sababu ulipomvunjia ni pale. Mistari miwili tu: nilighani shairi, kuna mtu nilimkwaza, nimemwomba radhi, naomba mfute. Usieleze zaidi, usije ukamtaja upya kwa kumwomba radhi. Wengi hawatafuta, nakwambia ukweli. Lakini yeye ataona umeandika.

Ule ubeti mpya wa "mwenzenu" usiutume popote mpaka yeye awe ameusikia kwanza, siku mtakayokuwa mnacheka tena. Akikwambia hapana, utabaki wenu wawili.

La LUKU ndilo ungeanza nalo siku ile, na ndilo nataka uanze nalo sasa. Aliyekosea tarakimu ya tisa ni wewe, mwenye tochi mdomoni ni wewe, na kibwagizo chako, "Yako nuru haizimi, wala haitaki namba," nimekiandika kwenye kalenda yangu ya ukutani. Mjukuu wangu kakisoma akacheka, kisha akakaa kimya kidogo, akaenda kuangalia mita imebakiza uniti ngapi. Niletee beti zote.

Ila "mita" hailali na "tisa" na "papasa". Kina chako ni -sa, pale umeweka -ta ukidhani sitaona. Nimejaribu kukusaidia kwa "mkasa", nikapata "aniepushe na mkasa", ikatoka mizani tisa. Mpe mumeo ajaribu.